Agner Krarup Erlang

Agner Krarup Erlang (1 Januari 1878 – 3 Februari 1929) alikuwa mwanahisabati na mtaalamu wa mitandao ya simu kutoka nchini Denmark. Anajulikana hasa kama mwanzilishi wa nadharia ya foleni, yaani tawi la hisabati linalochunguza kinachotokea pale ambapo watu wanaohitaji huduma huja bila mpangilio na nafasi za kuwahudumia ni chache.

Kwa miaka karibu 20 alikuwa mtumishi wa Kampuni ya Simu ya Copenhagen. Huko alitafuta jibu la swali lenye gharama kubwa: kituo cha simu kinahitaji laini ngapi ili wateja wasikataliwe mara kwa mara, na wakati huohuo kampuni isilipie nyaya zitakazokaa bila kazi? Kanuni alizotoa kati ya mwaka 1909 na 1917 bado zinatumika katika mitandao ya simu, katika vituo vya kupokea simu za wateja na katika seva za kompyuta. Kipimo cha kimataifa cha mzigo wa simu huitwa erlang kwa heshima yake.

## Familia na utoto

Erlang alizaliwa katika kijiji cha Lønborg, karibu na mji wa Tarm, kwenye rasi ya Jutland. Baba yake, Hans Nielsen Erlang, alikuwa mwalimu wa shule ya kijiji na pia karani wa parokia. Mama yake, Magdalene Krarup, alitoka katika ukoo uliokuwa na viongozi wa kanisa. Kati ya wahenga wa upande wa mama alikuwemo Thomas Fincke (1561–1656), mwanahisabati aliyeanza kutumia maneno tanjenti na sekanti katika hesabu za pembetatu mwaka 1583.

Agner alikuwa na kaka mmoja, Frederik, na wadogo wawili wa kike, Marie na Ingeborg. Watoto hao walianza masomo katika shule ya baba yao. Inasimuliwa kwamba jioni Frederik alipokuwa akisoma kitabu, Agner alikaa upande wa pili wa meza na kukisoma kitabu hichohicho kikiwa kimegeuzwa juu chini mbele yake. Alipenda sana elimu ya nyota, na katika ujana wake alitunga mashairi kuhusu mambo ya anga.

## Masomo na ualimu

Akiwa na umri wa miaka 14 alifanya mtihani wa awali wa Chuo Kikuu cha Copenhagen. Kwa kuwa umri wake ulikuwa chini ya kiwango kilichowekwa, ilibidi apewe kibali maalumu. Alifaulu kwa sifa, akarudi Lønborg na kumsaidia baba yake kufundisha kwa miaka miwili. Katika muda huo alijifunza pia Kifaransa na Kilatini.

Familia yake haikuwa na uwezo mkubwa wa fedha. Ndugu wa mbali alimpa chakula na malazi bure alipokuwa akijiandaa kwa mtihani wa kuingia chuo kikuu, naye aliufaulu kwa sifa mwaka 1896. Baada ya kupata ufadhili wa masomo alisomea hisabati kama somo kuu, pamoja na elimu ya nyota, fizikia na kemia. Wanahisabati Hieronymus Georg Zeuthen na Christian Juel walimvutia hasa kwenye maswali ya jiometria, na upendo huo aliendelea nao maisha yake yote. Alipata shahada ya uzamili mwaka 1901.

Baada ya hapo alifundisha katika shule mbalimbali kwa takriban miaka 7. Hakuacha utafiti: mwaka 1904 chuo kikuu kilitambua kwa heshima maandishi yake yaliyojibu swali la mashindano kuhusu mbinu za mwanasayansi Christiaan Huygens.

## Kuajiriwa katika kampuni ya simu

Erlang alikuwa mwanachama wa chama cha wanahisabati wa Denmark. Kwenye mikutano ya chama hicho alikutana na Johan Jensen (1859–1925), aliyekuwa mhandisi mkuu wa Kampuni ya Simu ya Copenhagen. Jensen alifanya hisabati nje ya saa za kazi, lakini jina lake linajulikana hadi leo kwa sababu ya kanuni yake ya mwaka 1906 iitwayo ukosefu wa usawa wa Jensen.

Jensen alimtambulisha Erlang kwa mkurugenzi wa kampuni, Fredrik Johannsen. Mkurugenzi huyo alikuwa amekwisha kuandika kuhusu muda wa kusubiri na wingi wa simu, akijaribu kutumia nadharia ya uwezekano katika kazi ya vituo vya simu. Alihitaji mtu mwenye ujuzi mkubwa zaidi wa hisabati. Mwaka 1908 Erlang aliajiriwa kama mtafiti, akawa pia mkuu wa maabara ya kampuni. Alibaki katika kampuni hiyo mpaka kifo chake.

## Tatizo la laini za simu

Mwanzoni mwa karne ya 20 simu nyingi ziliunganishwa kwa mkono. Mtu aliyetaka kupiga simu alimfikia kwanza opereta kituoni, akamtajia namba, na opereta akachomeka waya kwenye ubao ili kuwaunganisha watu wawili. Simu iliyokwenda kituo kingine ilihitaji moja kati ya laini zilizounganisha vituo hivyo viwili. Laini hizo zilikuwa chache, kwa sababu kila moja ilimaanisha shaba, mitaro na vibarua wa kuichimba.

Laini zote zikiwa na watu wanaozungumza, mpigaji mpya alikataliwa au aliambiwa asubiri. Kampuni ilikuwa na njia mbili za kupoteza. Ikiweka laini chache, wateja walilalamika na mazungumzo yalipotea pamoja na malipo yake. Ikiweka laini nyingi mno, fedha zililala ardhini.

Wastani peke yake haukutosha kuamua. Kituo kingeweza kuwa na laini za kutosha kwa saa nzima, lakini kikaishiwa kwa dakika 5 kwa sababu watu wengi walipiga kwa pamoja bila kupatana. Erlang alionyesha kwamba bahati nasibu hiyo ina kanuni zake na inaweza kupigiwa hesabu kabla nyaya hazijanunuliwa.

## Makala ya mwaka 1909

Kazi yake kubwa ya kwanza ilitolewa mwaka 1909 katika jarida la hisabati la Denmark. Ilihusu nadharia ya uwezekano na mazungumzo ya simu. Ndani yake Erlang alithibitisha kwamba simu zinazopigwa na watu wengi wasiotegemeana hufuata mgawanyo wa Poisson, ulioitwa hivyo kutokana na mwanahisabati Mfaransa Siméon Denis Poisson (1781–1840).

Maana yake inaonekana kwa mfano. Kama kwa wastani simu 3 huingia kituoni kila dakika, haimaanishi kwamba kila dakika italeta simu 3. Kwa mgawanyo huo, dakika 5 hivi kati ya 100 hazitakuwa na simu hata moja, na dakika 8 hivi kati ya 100 zitakuwa na simu 6 au zaidi. Mwenye kupanga kituo kwa kuangalia wastani tu atashindwa katika dakika hizo 8, ingawa hakuna kilichoharibika.

## Kanuni za mwaka 1917

Mwaka 1917 Erlang alitoa makala iliyomletea umaarufu mkubwa zaidi. Ilihusu maswali ya uwezekano yenye umuhimu kwa vituo vya simu vinavyojiendesha, ambavyo wakati huo vilikuwa vimeanza kuchukua nafasi ya opereta. Mwaka uliofuata ilichapishwa pia kwa Kiingereza katika jarida la wahandisi wa Posta ya Uingereza.

Makala hiyo ilitoa kanuni mbili ambazo leo huitwa Erlang B na Erlang C.

* Erlang B inahusu mfumo usio na foleni. Mpigaji anayekuta laini zote zimeshikwa hukataliwa na kuondoka. Kanuni inaeleza ni sehemu gani ya simu itakataliwa.
* Erlang C inahusu mfumo wenye foleni. Mpigaji anayekuta laini zote zimeshikwa husubiri zamu yake. Kanuni inaeleza uwezekano wa kusubiri, na kutokana nayo muda wa kusubiri unaweza kupatikana.

Msingi wa zote mbili ni mzigo, ambao ni zao la vitu viwili: idadi ya simu zinazoingia katika muda fulani, na wastani wa muda ambao kila simu inashika laini. Simu 60 kwa saa, kila moja ya dakika 3, ni jumla ya dakika 180, yaani saa 3 za mazungumzo ndani ya saa 1. Mzigo huo ni erlang 3. Simu 30 za dakika 6 ni mzigo uleule. Laini haijali kama imeshikwa na wengi wenye haraka au wachache wenye maneno mengi.

### Mfano wa hesabu

Kwa mzigo wa erlang 3, laini 3 zingekuwa na kazi kwa wastani kama wote wangehudumiwa. Mtu angeweza kudhani kwamba laini 3 zinatosha. Kanuni ya Erlang B inaonyesha sehemu ya simu zinazokataliwa:

* laini 3: asilimia 34.6
* laini 4: asilimia 20.6
* laini 5: asilimia 11.0
* laini 6: asilimia 5.2
* laini 7: asilimia 2.2
* laini 8: asilimia 0.8

Kwa hiyo kituo chenye laini sawa na wastani kinafukuza zaidi ya mteja 1 kati ya 3. Ili kukataa chini ya mteja 1 kati ya 100, laini 8 zinahitajika.

Hesabu hii inaweza kufanywa kwa kalamu na karatasi. Mzigo ukiitwa A, na sehemu inayokataliwa kwa laini n ikiitwa B(n), huanzwa kwa B(0) = 1, kisha kila hatua hupatikana kwa kanuni hii:

B(n) = A × B(n−1) ÷ (n + A × B(n−1))

Kanuni hiyohiyo inaonyesha faida ya kutumia laini kwa pamoja. Vituo viwili, kila kimoja chenye mzigo wa erlang 3, vinahitaji laini 8 kila kimoja, jumla 16. Vikiunganishwa kuwa kundi moja lenye mzigo wa erlang 6, laini 13 zinatosha kukataa chini ya simu 1 kati ya 100. Laini 3 zinaokolewa bila mteja yeyote kuumia, kwa sababu msongamano wa upande mmoja mara nyingi hukutana na utulivu wa upande wa pili.

Erlang aliendelea na utafiti wa muda wa kusubiri, na mwaka 1920 alitoa makala nyingine kuhusu suala hilo. Posta ya Uingereza ilikubali kanuni yake kama msingi wa kupanga idadi ya laini zake. Maandishi yake yalikuwa mafupi sana, na mara nyingine aliacha kuandika uthibitisho wa hatua alizoziona wazi, hivyo wasio wataalamu walipata taabu kuyafuata. Inasimuliwa kwamba mtafiti mmoja wa maabara za Bell nchini Marekani alijifunza Kidenmark ili aweze kuyasoma katika lugha yake ya asili.

## Kazi nyingine

Erlang hakukaa na karatasi tu. Mwanzoni maabara yake haikuwa na wafanyakazi wa kutosha, hivyo alifanya vipimo mwenyewe. Wakazi wa Copenhagen walimwona akitembea mitaani akifuatwa na kibarua aliyebeba ngazi, kisha akishuka katika mashimo ya nyaya chini ya barabara ili kupima mikondo ya umeme iliyopotea njia.

Alibuni pia vifaa vya kupima umeme katika nyaya za simu. Nje ya simu, alishughulika na majedwali ya hesabu, ambayo kabla ya kompyuta yalikuwa nyenzo ya kila mhandisi na mwanafunzi. Alitoa majedwali ya logi ya tarakimu nne, na aliandika kuhusu namna ya kupunguza kosa la wastani katika majedwali ya aina hiyo.

## Tabia na maisha binafsi

Erlang hakuoa. Alikuwa mtu mpole, mkimya na mwenye kupenda maisha ya faragha. Mara nyingi alifanya kazi hadi usiku sana. Alikusanya maktaba kubwa ya vitabu, hasa vya hisabati, elimu ya nyota na fizikia, na aliendelea kuhudhuria mikutano ya wanahisabati.

Watu wenye shida walimjua. Walimfuata kazini na nyumbani, naye aliwasaidia kimyakimya bila kutafuta sifa.

## Kifo

Katika miaka yake yote ya kazi Erlang hakuwahi kukosa kazi kwa sababu ya ugonjwa mpaka Januari 1929. Mwezi huo alilazwa hospitalini Copenhagen kwa ajili ya upasuaji wa tumbo. Alifariki siku chache baadaye, Jumapili tarehe 3 Februari 1929, akiwa na umri wa miaka 51.

## Urithi

### Kipimo cha erlang

Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia wataalamu wa simu wa nchi za Skandinavia walikuwa tayari wakitumia neno erlang kama kipimo cha mzigo wa simu. Mwaka 1946 kamati ya kimataifa ya simu ilikipokea rasmi. Erlang 1 ni laini moja inayotumika muda wote bila kupumzika. Mwaka 1948 maandishi yake yalikusanywa pamoja na maelezo ya maisha yake katika kitabu kimoja kilichotolewa Copenhagen.

Jina lake limebaki pia katika takwimu. Mgawanyo wa Erlang unaeleza muda wa jambo linalopita hatua kadhaa zinazofuatana, kila hatua ikiwa na muda wa kubahatisha.

### Simu za mkononi

Mitandao ya simu za mkononi ilipoanza, kanuni za Erlang zilihamia huko kutoka kwenye nyaya. Katika mfumo wa GSM, masafa moja hugawanywa katika nafasi 8 za muda. Kama nafasi 1 inatumika kwa mawasiliano ya kuongoza mtandao, zinabaki 7 za mazungumzo. Kwa Erlang B, nafasi hizo 7 hubeba mzigo wa karibu erlang 2.9 ikiwa kampuni inakubali simu 2 kati ya 100 zikataliwe. Mpigaji anayeambiwa kuwa mtandao una msongamano wakati wa sikukuu yumo katika hesabu hiyo.

### Lugha ya programu

Mwaka 1986 wataalamu wa kampuni ya Ericsson nchini Sweden, wakiwemo Joe Armstrong, Robert Virding na Mike Williams, walianza kutengeneza lugha ya kuandikia programu za kompyuta kwa ajili ya mitambo ya simu. Iliitwa Erlang. Lugha hiyo inaruhusu michakato mingi midogo kufanya kazi kwa pamoja, na mmoja ukianguka mingine huendelea. Baadaye ilitumika katika hifadhidata ya CouchDB na katika seva za WhatsApp.

### Seva za hifadhidata

Tatizo ambalo Erlang alilikuta kwenye ubao wa simu linaonekana leo katika seva za hifadhidata. Programu ya benki, shule au duka hufungua muunganisho na hifadhidata kila inapohitaji kusoma au kuandika taarifa. Kila muunganisho hushika nafasi mpaka ufungwe. Katika PostgreSQL, kila muunganisho huanzishiwa mchakato wake ndani ya seva, na kikomo cha kawaida kabla ya kubadilishwa ni 100. Nafasi 3 kati ya hizo huwekwa akiba kwa msimamizi mkuu, ili aweze kuingia wakati wengine wamekwama. Katika MySQL kikomo cha kawaida ni 151, na msimamizi huachiwa nafasi 1 ya ziada.

Nafasi zikiisha, maombi mapya hukataliwa kama vile simu zilivyokataliwa mwaka 1909. Wasimamizi wengi hukimbilia kuongeza kikomo. Hesabu ya Erlang inaonyesha kwa nini hatua hiyo mara nyingi haitibu chanzo. Tuseme maombi 50 huingia kila sekunde, na kila moja linashika muunganisho kwa sekunde 0.2. Mzigo ni erlang 10, na nafasi 20 zinatosha kiasi kwamba chini ya ombi 1 kati ya 500 hukosa nafasi. Sasa jedwali moja limekua bila kuwa na faharasa, au ombi moja limefunga safu ambayo wengine wanaihitaji, na muda wa kila ombi umepanda hadi sekunde 2. Mzigo umekuwa erlang 100. Nafasi zote za PostgreSQL zimejaa, ingawa watumiaji hawakuongezeka hata mmoja.

Kwa sababu hiyo uchunguzi wa seva iliyoishiwa nafasi hufuata sehemu mbili za mzigo:

* Maombi mangapi yanaingia? Kama yameongezeka ghafla, chanzo kinaweza kuwa watumiaji wapya au programu inayorudia ombi bila kukoma.
* Kila ombi linashika nafasi kwa muda gani? Kama muda umeongezeka, hutafutwa maswali ya polepole na maombi yanayosubiriana.
* Nani ameshika nafasi bila kufanya kazi? Kuna programu zinazofungua muamala na kuuacha wazi, au kusahau kufunga muunganisho. Hizi ni sawa na mtu aliyekwisha kuzungumza lakini hakurudisha mkono wa simu mahali pake.

Mchakato wa ziada hula kumbukumbu ya seva hata usipofanya kazi. Kikomo kikipandishwa kupita uwezo wa mashine, kila ombi huwa la polepole zaidi, hushika nafasi kwa muda mrefu zaidi, na mzigo huongezeka tena. Suluhisho linalotumiwa sana ni kuweka kati ya programu na hifadhidata chombo kinachotunza miunganisho michache na kuigawa kwa wengi kwa zamu, kwa mfano PgBouncer. Chombo hicho hufanya kazi ya opereta wa zamani: hupokea wengi, huwapa laini iliyo wazi, na anayekuta zimejaa husubiri kidogo badala ya kufukuzwa.

Foleni nayo ina mpaka wake. Kwa mhudumu mmoja anayepokea kazi zinazokuja na kuisha kwa kubahatisha, muda wote wa kusubiri na kuhudumiwa ni mara 2 ya muda wa huduma anapokuwa na kazi nusu ya wakati. Akiwa na kazi asilimia 90 ya wakati, ni mara 10. Akifika asilimia 95, ni mara 20. Seva inayoonekana kuwa na nafasi kidogo bado inaweza kuwa imewachosha wanaosubiri.

## Mipaka ya kanuni zake

Erlang B inachukulia kwamba wapigaji hawategemeani na kwamba aliyekataliwa huondoka. Katika maisha ya kawaida aliyekataliwa hupiga tena mara moja, na programu za kompyuta hurudia haraka kuliko binadamu. Marudio hayo huongeza mzigo wakati ambapo nafasi zimekwisha, hivyo hali halisi huwa mbaya kuliko kanuni inavyosema. Ndiyo sababu programu nyingi hutengenezwa zisubiri muda unaoongezeka kila zinapokataliwa kabla ya kujaribu tena.

Kwa upande mwingine, Erlang B imeonekana kuwa imara kuliko ilivyotarajiwa. Baada ya kifo chake ilithibitishwa kwamba jibu lake halitegemei jinsi muda wa mazungumzo unavyotofautiana kati ya mpigaji na mpigaji. Wastani wa muda wa kushika laini ukijulikana, pamoja na idadi ya simu zinazoingia, kanuni inatosha. Kwa hiyo wahandisi wa leo hutumia hesabu ya mwaka 1917 bila kuibadilisha, ingawa kinachoshika laini si sauti ya mtu tena.